Mdhamini wa Gavana

Watu wa Asmara walimjua Gavana Ottavio Bressan kwa kofia yake yenye manyoya na kwa farasi wake mweupe. Beraki Weldai alimjua kwa mishono. Alijua kwamba bega la kushoto la Gavana lilikuwa chini ya la kulia kwa upana wa kidole, na kwamba koti lililopigwa pasi bila kulizingatia hilo lingemfanya aonekane kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amezipiga pasi nguo za mtu huyo, na lau angeulizwa habari za kupanda kwake vyeo, angezisimulia zote kwa kushika koti na kuonyesha.

Beraki alizaliwa Adi Selwa, kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Asmara, akiwa mtoto wa nne katika nyumba yenye wavulana watano na ng'ombe wawili tu wa kulimia. Alipofika miaka kumi na tisa baba yake alimruhusu aende mji wa Keren kutafuta kazi kwa Wataliano. Huko alimpata mzee mmoja aliyefua nguo za maofisa, akamfundisha kupuliza makaa ndani ya pasi bila kurusha majivu, kupima joto la chuma kwa tone la maji, na kulaza kitambaa chenye unyevu juu ya sufu ili isiote mng'ao. Miongoni mwa maofisa hao alikuwamo Kapteni Bressan, kijana mwembamba asiye na nishani hata moja, ambaye aliridhika na mikunjo ya pasi ya suruali yake akamchukua Beraki awe mpiga pasi wake.

Kapteni akawa mkuu wa wilaya katika nyanda za joto, na ukosi wake ukapata nyota. Akapelekwa Benadir, pwani ya Somalia, miaka miwili, akamwachia Beraki masanduku mawili ya nguo. Aliporejea, kiuno cha kila koti kilibidi kitanuliwe vidole viwili. Akaenda Roma kwa likizo akarudi na nishani tatu, na Beraki akazitobolea nafasi zake kwa sindano ya moto, akipima kwa uzi ili mstari usipinde. Hatimaye likaja sanduku lenye koti lililotariziwa dhahabu kifuani na mikononi. Siku hiyo mtu yule akawa Gavana, na Beraki akapewa chumba chenye dirisha nyuma ya ikulu, meza ndefu na pasi nne.

Hata hivyo Beraki hakuhamia mjini. Mkewe Tekea na watoto walibaki Adi Selwa, kwa kuwa ardhi ya kijiji ni ya wote na hugawanywa upya kwa kura kila mwaka wa saba, na nyumba isiyofuka moshi kijijini haipigiwi kura. Kila Jumamosi jioni alikwenda kwao, na Jumatatu alfajiri alirudi kwenye pasi zake. Aliyaona maisha yake kuwa yamenyooka, hadi Gavana alipofanya ziara Adi Selwa.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya mvua kubwa. Jeshi lilikuwa limewafungia nyumbu wake sabini katika malisho ya kijiji, bonde lenye chemchemi ambako ng'ombe wa kulimia hupumzishwa baada ya kazi. Wazee walilalamika, na Gavana, aliyekuwa akipita kukagua barabara, akaamua kuwajibu mwenyewe. Alisimama mbele ya kanisa akiwa na mkalimani wake, Yishak, na nyuma yao Beraki ameshika brashi ya nguo, maana vumbi la barabara lilikuwa jingi.

"Waambie," Gavana alisema, "nyumbu watakaa msimu huu mmoja wa mvua. Sikukuu ya Msalaba ikipita, wanaondoka. Nimesema mimi."

Yishak alitafsiri. Wazee walinong'onezana, kisha msemaji wao, aliyeitwa Aboy, yaani Baba, Embaye, mtu mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha, akasogea hatua moja.

"Tumesikia. Neno la Gavana ni jema. Mdhamini wake ni nani?"

Yishak alikohoa. Katika Adi Selwa hakuna aliyeazima hata ungo, wala kuoza binti, wala kupatana na aliyempiga, bila mtu wa tatu kusimama kati na kutoa kiganja chake. Aliyeahidi asipotimiza, mdhamini humleta. Asipomleta, hulipa kwa kilicho chake. Ahadi isiyo na mdhamini haijawa ahadi bado. Yishak alieleza hayo kwa Kitaliano kadiri alivyoweza, huku jasho likimtoka.

Gavana alicheka mpaka nishani zikagongana. Akageuka, akamwekea Beraki mkono begani.

"Huyu hapa! Ananijua kuliko mke wangu. Yeye ndiye anayejua nilivyonenepa."

Aboy Embaye hakucheka. Alinyoosha kiganja.

"Beraki mwana wa Weldai, unamdhamini mtu huyu?"

Beraki alimtazama Gavana, naye alikuwa akimwitikia kwa kichwa kwa furaha kama mtu anayemhimiza mtoto aimbe mbele ya wageni. Akamtazama Yishak, naye alikuwa akitazama viatu vyake. Kukataa kulikuwa ni kutangaza mbele ya watu wote kwamba bwana wake ni mwongo. Kukubali kulikuwa ni nini, hakupata nafasi ya kufikiri.

"Namdhamini," alisema. Viganja viligongana, na brashi ikaanguka.

Mvua zilinyesha zikaisha. Sikukuu ya Msalaba ikawashwa mioto yake, ikapita. Nyumbu hawakuondoka, waliongezewa wengine thelathini. Kabla wiki haijatimia, ikaja simu ya maandishi kutoka Roma: Gavana Bressan amepandishwa, anakwenda kutawala Somalia, nchi kubwa zaidi. Ikulu nzima ilijaa nyasi za kufungia vyombo. Beraki alikunja makoti kumi na mawili, akaweka karatasi nyembamba katika kila mkunjo, na alipokuwa akifunga la mwisho alijikaza.

"Bwana Mkubwa, yale malisho ya Adi Selwa..."

"Ndiyo, ndiyo," Gavana alisema, akipapasa juu ya meza. "Umeiona miwani yangu?"

Beraki aliitafuta miwani akaipata. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuishika mkononi hadi apewe jibu.

Gavana akasafiri, Beraki akabaki na pasi zake ikulu. Jumamosi iliyofuata Aboy Embaye alikuja sokoni Asmara, na baada ya soko akafika kwenye lango la nyuma la ikulu akiwa na mzee mwenzake, Aboy Tombosa, mfupi, mchekeshaji, asiyeweza kusikia jambo zito bila kulitia chumvi.

"Beraki, mwanangu," Aboy Embaye alianza, baada ya kuulizana hali ya watoto, ng'ombe na shayiri. "Mtu wako yuko wapi?"

"Amehamishwa, Aboy. Yuko Mogadishu."

"Ni mwendo wa siku ngapi?"

"Ni kwa meli. Mimi mwenyewe sijui."

"Basi kamlete."

"Nikamlete Gavana?"

"Ulidhamini mbuzi?" Aboy Tombosa aliuliza. "Mfunge shuka umlete, kama babu zako walivyofanya."

Alikuwa akisema desturi ya zamani, kabla Wataliano hawajaleta mahakama zao. Wawili wenye neno baina yao walifungana ncha za nguo wakaenda njia nzima hivyo hadi kwa mwamuzi, na hakuna aliyeruhusiwa kulifungua fundo ila mwamuzi mwenyewe.

"Wazee wangu," Beraki alisema, "yupo gavana mpya. Mwendeeni yeye."

Aboy Embaye alimkazia macho kwa mshangao wa kweli. "Huyo mpya ametuahidi nini? Hatujapeana naye hata salamu. Nitamdaije mtu neno ambalo hakulisema?"

Kilichomsumbua Beraki ni kwamba aliona Aboy Embaye ana haki. Hata hivyo Jumatatu alikwenda kwa katibu wa ikulu, Pedrotti, mwenye cheo cha heshima cha Kavaliere, mtu mpole aliyepanga kalamu zake kwa urefu. Pedrotti alilitafuta jalada, akalipata, akalisoma kwa utulivu.

"Hapa pameandikwa: ardhi ya serikali, kwa matumizi ya nyumbu wa jeshi. Muda haukutajwa."

"Gavana alisema msimu mmoja, Kavaliere."

"Aliandika?"

"Alisema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kijiji kizima. Wanaume, wanawake, makasisi."

"Ah," Pedrotti alisema kwa huruma, akalifunga jalada. "Basi hakuna shahidi."

Beraki alirudi kwenye meza yake. Aliunguza ukosi wa shati siku hiyo, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu Keren. Watu mia tatu walikuwa wamesikia, na hapakuwa na shahidi. Alilirudia neno hilo kwa kila njia aliyoijua, na kila mara lilimtoka upande mwingine.

Alimwomba mwandishi wa barua wa karibu na soko amwandikie Gavana. Barua ilieleza yote, kuanzia nyumbu hadi kiganja. Miezi minane ikapita. Kisha ikaja bahasha yenye muhuri wa Mogadishu, na ndani yake hapakuwa na barua, bali picha: Bressan amesimama katika sare nyeupe, nishani zimeongezeka mbili, na chini yake maandishi ya mkono wake, "Kwa Beraki wangu mwaminifu." Beraki aliona kwanza kwamba bega la kushoto lilikuwa limeshuka, huko hapakuwa na mtu wa kulijali. Baadaye ndipo alipoona kwamba malisho hayakutajwa.

Picha ilipelekwa Adi Selwa. Wazee waliipokezana juu ya kibuyu cha pombe ya shayiri.

"Anacheka," alisema Aboy Embaye. "Anacheka nini?"

"Meno yake hayajambo," alisema Aboy Tombosa. "Hilo angalau limejibiwa."

"Amekuita mwaminifu. Kwa hiyo anakiri kwamba wewe ni mdhamini wake."

"Aboy, nadhani ni salamu tu."

"Mtu hamtumii sura yake mtu asiye na neno naye," Aboy Embaye alisema, na wengine wakaafiki. "Udhamini umesimama palepale."

Usiku ule Tekea, mkewe, alikaa akichambua dengu bila kumtazama.

"Si ungesema hapana tu."

"Aliniwekea mkono begani, Tekea."

"Mimi nimekuwekea mkono begani miaka kumi na miwili, mbona hujanikubalia lolote?"

Alitaka kucheka akashindwa, kwa sababu wote wawili walijua ni mwaka gani unaokuja. Ulikuwa mwaka wa kura. Baada ya Pasaka mashamba yote ya Adi Selwa yangegawanywa upya, na wazee walikuwa wamekwisha sema: mdhamini asipoleta malisho wala mtu, sehemu yake ya shamba itageuzwa malisho ya ng'ombe wa kijiji kwa miaka saba. Haikusemwa kwa hasira. Ilisemwa kama vile mtu anavyosema kwamba baada ya Jumamosi ni Jumapili.

"Tutakula nini?" Tekea aliuliza. "Wanga unaopaka kwenye kola zao?"

Wakati wa Kwaresima magazeti ya Asmara yakaandika kwamba Bressan ameitwa Roma kwa cheo cha juu kuliko vyote alivyowahi kushika, na kwamba meli yake ikifika Massawa atapanda treni hadi Asmara kuwaaga marafiki kwa siku mbili. Gavana mpya aliandaa karamu. Pedrotti mwenyewe akaja chumba cha pasi.

"Amekuulizia wewe, Beraki. Anasema huko hakuna aliyeweza kumnyoosha."

Beraki alifurahi. Baadaye jambo hilo ndilo lililomsumbua kuliko mengine, kwamba moyo wake uliruka kabla hajakumbuka shamba lake. Alipolikumbuka, alimtuma mpwa wa Tekea awaambie wazee waje asubuhi ya siku ya pili, wakae kwenye lango la mbele, saa ya Bressan kuondoka.

Asubuhi hiyo alilipiga pasi lile koti la dhahabu kwa mara ya mwisho. Bressan aliingia akiwa amenenepa, mvi zimemjaa, akamkumbatia kama ndugu, kisha akavaa, na mshono wa ubavu ukapasuka sauti ikasikika.

"Unaona walichonifanyia Mogadishu? Kila siku wali na ngamia!"

"Usisogee, Bwana Mkubwa. Nitaushona hapohapo."

Alipiga magoti na sindano. Alikuwa ameandaa maneno yake kwa wiki tatu. Sasa alisikia pumzi za mtu huyo juu ya kichwa chake, akaona jinsi alivyojitahidi kuvuta tumbo ndani ili kumrahisishia kazi, na maneno yote yakamkimbia. Alikata uzi. Akasimama. Mikono yake, bila yeye kujua ni nani aliyeituma, ikashika ncha ya shuka lake jeupe, ikaipitisha katika kamba za dhahabu zilizoning'inia kwenye bega la Bressan, ikafunga fundo.

Bressan alitazama chini. "Hii nayo ni nini?"

"Ni desturi yetu."

"Ya kuaga?"

"Ya watu wenye neno baina yao, Bwana Mkubwa."

"Nzuri sana!" alisema Bressan, na macho yake yakalengwa na machozi. "Nzuri sana. Twende basi."

Wakatoka hivyo, wamefungana, wakashuka ngazi mbele ya maofisa na wake zao. Wanawake walipiga makofi. Pedrotti alitabasamu. Ni Yishak mkalimani peke yake aliyepauka uso kama ukuta wa kanisa, kwa sababu kwenye lango wazee saba wa Adi Selwa walikuwa wamevua kofia na kusimama wima, kama watu wanavyosimama mahakamani.

"Mtu wangu huyu hapa," Beraki alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Aboy Embaye alilikagua fundo, kisha akamgeukia Bressan. "Ulisema msimu mmoja. Nyumbu bado wapo. Sema neno lako."

Yishak alitafsiri kwa ukamilifu, na huo ulikuwa ushujaa wake mkubwa maishani. Bressan alikunja uso, akitafuta.

"Nyumbu? Nyumbu gani?" Alimgeukia Beraki. "Wanasema nini hawa? Niliahidi kitu?"

Beraki alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Alimtazama usoni, uso alioujua tangu ukiwa hauna ndevu, akaona kwamba mtu huyu hakuwa akificha chochote. Hakukumbuka. Kijiji, kanisa, mkono begani, vyote vilikuwa vimepita kwake kama vumbi la barabara linalopigwa brashi.

"Uliahidi, Bwana Mkubwa," alisema. "Mbele yangu."

"Basi kama ni hivyo nitaandika. Nikifika Roma nitaandika. Waambie." Alitazama saa yake. Dereva alikuwa amefungua mlango wa gari.

Aboy Embaye alisogea, akanyoosha mikono kwenye bega la Bressan. Askari mmoja aliinua kitako cha bunduki.

"Mwache," Bressan alisema. "Ananibariki."

Mzee alilifungua fundo polepole, akainyoosha ncha ya shuka, akamrudishia Beraki. Bressan akampa mkono, akaingia garini akipunga. Gari likashuka kuelekea stesheni.

Wazee walikaa chini palepale nje ya lango, ukutani, wakajadili. Mmoja alisema mtu asiyejua kwamba amefungwa hajafungwa. Mwingine akauliza kama mbuzi hujua. Aboy Tombosa, kwa mara ya kwanza katika habari hii, hakufanya mzaha.

"Alikuja kwa miguu yake, fundo likiwa kwenye bega lake, akaulizwa mbele yetu, akajibu. Zaidi ya hapo mdhamini anatakiwa afanye nini? Ambebe mgongoni?"

Aboy Embaye alikata shauri. "Beraki mwana wa Weldai amemleta mtu wake. Kiganja chake kiko huru. Shamba lake lisiguswe."

Beraki alifunika uso kwa shuka, na alipoweza kusema aliuliza, "Na malisho je, Aboy?"

"Malisho ni jambo lingine. Sasa tunamdai yeye mwenyewe, bila mtu kati." Mzee aliinuka, akapangusa vumbi. "Hiyo Roma, kwa nyumbu, ni mwendo wa siku ngapi?"

Hakuna aliyejua kama anauliza kweli.

Baada ya Pasaka kura zilipigwa. Sehemu ya Beraki iliangukia upande wa kilima, ardhi yenye mawe lakini inayoshika maji. Kutoka juu yake bonde lilionekana lote, na nyumbu wa jeshi wametawanyika karibu na chemchemi, wanono, wakipiga mikia. Alikaa juu ya jiwe akawatazama. Hakuelewa kama alikuwa amemsaliti mtu aliyemlisha miaka kumi na mmoja, au kama mtu huyo ndiye aliyemsaliti, au kama hakuna hata mmoja aliyefanya lolote. Zaidi ya yote hakuelewa kwa nini alikuwa na wasiwasi juu ya ule mshono wa ubavu, kama ungefika Roma bila kupasuka tena.

Tekea alipanda na kikapu, akakitua miguuni pake.

"Mawingu yale unayaona? Anza na mawe makubwa."

Beraki akainama, akaanza.